Kuchagua Programu ya Kuchorea Katika Tableti



Mwaka jana mmoja wa wanafunzi wa zamani alikiletea chama chetu cha kuchora tableti moja (wenzetu wa Tanzania huiita kishikwambi). Tangu siku ile swali ninaloulizwa zaidi hapa Gitaza ni hili: "Programu ipi ya kuchorea ni nzuri kuliko zote?" Nimeona afadhali niwajibu wote pamoja katika gazeti letu, maana jibu langu nililipata kwa hasara.

Babu yangu ni mvuvi wa Rumonge. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 yaliingia nyumbani kwake, ikambidi ahame. Wakati wa likizo nilikaa naye majuma mawili, akanieleza ua wake wa zamani ulivyokuwa: mahali pa kuanikia ndagala, miti ya kutundikia nyavu, mtumbwi ulivyolazwa, na chungu cha kupikia mawese. Nami nikachora, na kila nilipokosea alinisahihisha. Tulimaliza picha sita. Programu niliyotumia ilikuwa na brashi za kila namna, lakini ilikuwa ya bure kwa siku chache tu, na sharti hilo sikulisoma. Siku zilipokwisha ilidai malipo kwa kadi ya benki, na picha zangu zikabaki ndani. Sikuweza kuzifungua wala kuzitoa. Niliporudi kwa babu ili tuanze upya, hakukumbuka tena kama mwembe ulikuwa upande wa ziwa au upande wa barabara. "Nilikwisha kukuambia," alisema.

Basi, siku hizi siulizi kwanza habari za brashi. Nauliza maswali manne, kwa utaratibu huu.

Swali la kwanza: Je, picha yangu itatoka? Programu nyingi huhifadhi picha kwa namna yao wenyewe, ambayo programu nyingine haiwezi kuisoma. Hiyo si vibaya, mradi pia uweze kutoa nakala inayofunguka popote. Kumbuka aina tatu. PNG hutunza picha bila kupoteza kitu. JPG ni nyepesi kutuma, lakini kila ukiifungua na kuihifadhi upya hupoteza ubora kidogo. PSD huhifadhi matabaka ya picha, nayo husomwa na programu nyingi. Programu isiyokupa hata PNG, iache.

Swali la pili: Je, itafanya kazi bila mtandao? Sisi tunaokaa katika barabara hii kati ya Bujumbura na Rumonge twajua kwamba mtandao huja na kuondoka, na bando huisha. Kwa hiyo programu inayotaka kuingia mtandaoni kila mara haitufai. Yatupasa kupata ile inayopakuliwa mara moja, kisha ikakubali kazi hata mtandao ukizimwa.

Swali la tatu: Je, tableti itaweza kuibeba picha? Hapa yafaa tueleze matabaka. Fikiria karatasi za nailoni zinazopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ya chini ina ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Ya pili ina mtumbwi. Ya tatu ina wavuvi na taa zao. Ukikosea taa, waifuta bila kuharibu mtumbwi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuchora kwa chombo hiki.

Lakini kila tabaka lina uzito. Ukurasa wa A4 unaofaa kupigwa chapa vizuri, yaani nukta 300 kwa kila inchi, una nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Zidisha: ni nukta 8,699,840. Kwa kawaida kila nukta huchukua baiti 4, basi tabaka moja ni karibu megabaiti 35, na matabaka kumi ni karibu 350. Tableti yenye kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 2 italemewa upesi, maana sehemu ya kumbukumbu hiyo imekwisha kuchukuliwa na mambo yake mengine. Ndiyo sababu programu nyingi hupunguza idadi ya matabaka kadiri ukurasa unavyokuwa mkubwa. Ukipunguza upana na urefu kwa nusu, uzito washuka hadi robo, karibu megabaiti 9 kwa tabaka. Kwa mazoezi, hiyo yatosha.

Swali la nne: Je, kalamu yako ni ya namna gani? Kalamu nyingi za bei ndogo huiga kidole tu. Ukikandamiza au usikandamize, mstari ni ule ule. Kalamu inayohisi uzito wa mkono sharti ikubaliane na tableti yenyewe. Usilipie brashi za ajabu ikiwa kalamu yako haiwezi kuzitumia.

Sasa tuzipime programu chache kwa maswali hayo. Procreate, iliyotokea Australia mwaka 2011, husifiwa sana, na hulipiwa mara moja tu. Lakini hutumika katika vyombo vya Apple peke yake, basi mwenye tableti ya Android asiitafute. Krita ni ya bure kabisa, nayo ina nguvu nyingi. Lakini ilitungwa kwanza kwa ajili ya kompyuta, hivyo vitufe vyake ni vidogo, na yataka tableti kubwa. ibisPaint ya Japani hupatikana bure, nayo hutoa PNG na PSD. Gharama yake ni matangazo. Sketchbook ni nyepesi kujifunza, nayo kazi zake za msingi ni za bure. Kioo chake hakina vurugu, mwanzaji hapotei.

Chama chetu kimechagua Sketchbook kwa wanaoanza, na ibisPaint kwa wale wanaochora hadithi za picha. Lakini msifuate tu uchaguzi wetu. Fanyeni jaribio la robo saa. Zima mtandao. Chora mukeke mmoja: maji katika tabaka la chini, samaki katika tabaka la juu. Toa PNG, uipeleke katika simu ya mwenzako, mwambie aifungue. Ikifunguka, anza kazi. Isipofunguka, ifute programu hiyo siku ile ile, kabla hujaipenda. Kisha kila Jumamosi weka nakala za picha zako mahali pengine, nje ya tableti.

Na ninyi ndugu zetu mlioko mbali, mkitaka kutuletea tableti nyingine, twawashukuru mapema. Twaomba tu mtazame ukubwa wa kumbukumbu ya kazi, na kama kalamu yake yahisi mkono. Hayo mawili ni bora kuliko rangi ya kifuko.

Wazee husema, "Mchagua jembe si mkulima." Ni kweli, aliye hodari atachora hata kwa mkaa ukutani. Lakini mkulima naye hujua kwanza kama mavuno atayatoa shambani. Picha za babu nimezichora tena, tano kati ya sita, nazo ziko mahali patatu. Ile ya mwembe bado.