Samani Kuukuu: Kununua Kitu na Kununua Umri Wake

Lengo la somo

Somo hili linamhusu mlaji anayevutiwa na samani na vyombo vya nyumbani vya zamani: makasha ya njumu, vitanda vya samadari, makabati ya mninga, birika za shaba, saa za ukutani na cherehani za mkono. Baada ya kulisoma, mlaji aweze kutenganisha thamani ya kitu chenyewe na thamani ya simulizi inayoambatana nacho.

1. Msingi wa mvuto

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu, na katika samani usemi huo una ukweli wake. Kabati lililoundwa kwa mbao nzima za mninga au mvule huweza kupigwa msasa, kukazwa viungo, kupakwa vanishi upya na kutumika kwa miaka mingi zaidi. Kabati la chipubodi likiloa maji huvimba, na hakuna fundi awezaye kulirudisha lilivyokuwa. Aidha, mbao ya zamani imekwisha kukauka, hivyo haipindi kirahisi kama mbao mbichi.

Mvuto mwingine ni historia. Katika miji ya pwani, kasha lilihifadhi nguo, vito na hati za familia. Makasha mengi yanayoitwa ya Zanzibar yaliletwa kwa majahazi kutoka bandari za India, zikiwamo Surat na Bombay. Kwa hiyo jina la kitu sokoni si uthibitisho wa mahali kilipotengenezwa.

2. Bei mbili ndani ya bei moja

Tuchukue mfano. Fundi anauza kasha jipya kwa shilingi 400,000. Duka la jirani linauza kasha la ukubwa na mbao zilezile kwa shilingi 900,000, kwa maelezo kwamba lina umri wa miaka 100. Shilingi 400,000 za kwanza ni bei ya kasha. Shilingi 500,000 zinazobaki ni bei ya umri, nazo zinalipwa kwa kutegemea neno la muuzaji. Mlaji anayelipenda kasha hilo hata kama ni la mwaka jana ana haki ya kulinunua, ila asilipie umri ambao haujathibitishwa.

3. Ukaguzi kabla ya malipo

Uso wa samani ndio unaosafishwa kwa ajili ya mnunuzi. Tunashauri ukaguzi uanzie nyuma, chini na ndani.

(a) Droo. Zitolewe na kugeuzwa. Samani iliyotumika muda mrefu huonyesha mchakao mahali mikono na miguu ilipogusa. Ikichakaa sawasawa kila upande, huenda imechakazwa kwa makusudi.

(b) Skrubu. Skrubu zenye kichwa cha nyota zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930. Zikionekana kwenye kasha linalosemwa kuwa la karne ya 19, ama kasha limekarabatiwa au maelezo si sahihi. Muuzaji aulizwe ni lipi.

(c) Njumu. Shaba haishikwi na sumaku. Sumaku ikinasa kwenye njumu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

(d) Bungua. Vitundu vidogo vya zamani pekee si hatari. Vitundu vinavyotoa unga mpya ni dalili kwamba wadudu wangali hai, na wanaweza kuhamia kwenye samani nyingine nyumbani.

4. Usalama wa matumizi

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi inayobanduka isikwanguliwe wala kupigwa msasa mkavu ndani ya nyumba. Vyombo vya shaba nyekundu visivyo na bati ndani visipikiwe vyakula vyenye ndimu, ukwaju au siki, kwa kuwa asidi huyeyusha shaba na kuiingiza katika chakula. Taa za umeme za zamani zikaguliwe na fundi umeme na kubadilishwa waya kabla ya kuwashwa.

5. Vitu vyenye masharti ya kisheria

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Vitu hivyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Mlaji anayeuziwa mlango wa kale aulize Idara ya Mambo ya Kale kwanza.

Viti vya enzi na baadhi ya masanduku ya vito huwa na mapambo meupe. Yakiwa ni mfupa wa mifugo, hakuna tatizo. Yakiwa ni pembe za ndovu, suala huingia katika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumiliki nyara bila kibali ni kosa. Maneno ya muuzaji kwamba “ni mfupa tu” hayatamkinga mnunuzi.

6. Maandishi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa taarifa za uongo au za kupotosha kuhusu bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Lakini risiti iliyoandikwa “samani” pekee haithibitishi ahadi yoyote. Tunamshauri mlaji aombe maelezo yaliyosainiwa yanayotaja aina ya mbao, umri unaodaiwa, matengenezo yaliyofanyika na jina la muuzaji. Muuzaji anayeamini anachokisema hatasita kukiandika. Akisita, mlaji alipe bei ya kasha jipya au aondoke.

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano wa kasha, ni sehemu ipi ya bei inayohitaji uthibitisho, na kwa nini?
2. Taja dalili mbili zinazoweza kupingana na umri unaotajwa na muuzaji.
3. Risiti isiyo na maelezo inamnyima mlaji nini pale anapotaka kulalamika?