SHARTI LA KUBADILISHA VIFAA KATIKA MKATABA WA NYUMBA

 

Katika darsa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja alituletea suala ambalo tumeona si lake peke yake, bali ni la wengi katika watu wa miji yetu ya pwani. Ndugu huyu amefanya kazi ya mshahara miaka mingi, akaweka kidogo kidogo, kisha akaafikiana na kontrakta mmoja amjengee nyumba. Wakaandikiana: paa la mabati ya geji 28, milango ya mvule, na nguzo zenye nondo za milimita 12. Fedha zikalipwa kwa mafungu. Nyumba ilipokwisha, akaona milango ni ya mbao nyepesi zilizopakwa rangi ya mvule, na mabati yabonyea kwa kidole. Alipolalamika, kontrakta alimfungulia ukurasa wa mwisho wa mkataba, akamwonyesha sharti lisemalo kwamba mjenzi aweza kutumia kifaa kingine badala ya kilichotajwa, kwa vile aonavyo mwenyewe kuwa chafaa. Na chini yake ipo sahihi ya ndugu yetu.

Akatuuliza: Je, sharti hili ni halali? Nami nina haki yo yote iliyobaki?

Suala hili lahitaji jawabu ya wazi, kwani wako watu wadhanio kuwa Dini ni sala na saumu tu, na kwamba biashara ni mambo ya dunia yasiyoulizwa. Na hali aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi.

Kwanza, na tuijue asili ya jambo. Mwenye kuagiza nyumba ananunua kitu ambacho bado hakipo. Hana cha kukitazama wala kukishika. Alichonacho ni sifa tu. Kwa hivyo sifa hapa ndiyo mali yenyewe. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya kupatikana. Hakuwakataza, lakini aliamuru kuwa mwenye kutanguliza fedha, basi na iwe kwa kipimo kinachojulikana, na uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kwa Ibn Abbas. Hii ndiyo biashara ya salam.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, salam yataka thamani yote ilipwe pale pale penye mapatano, na ujenzi wa kulipwa kwa mafungu hauingii humo. Lakini wanavyuoni wa Kihanafi waliijuzisha istisnaa, yaani kumwagiza fundi akutengenezee kitu kwa vifaa vyake. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jidda, katika kikao chake cha 7 cha mwaka 1992, iliikubali kuwa ni mkataba unaowafunga wote wawili, kwa sharti kwamba jinsi ya kitu, aina yake, kiasi chake na sifa zake vielezwe, na muda uwekwe. Basi ikiwa mkataba haukai ila kwa sifa, itakuwaje sharti moja liruhusu sifa zote zibadilishwe kwa matakwa ya upande mmoja? Hilo ni kujenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa mkono wa kushoto.

Wanavyuoni wetu hawakuliacha suala la kubadilisha bila ya hukumu. Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa salam, ameleta daraja zake. Kitu cha jinsi nyingine au aina nyingine hakifai kutolewa badala ya kilichopatanwa. Kilicho duni kuliko sifa iliyoshurutishwa, mnunuzi aweza kukipokea akitaka, lakini halazimishwi. Na kilicho bora kuliko ilivyoshurutishwa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, yampasa kukipokea. Tazama, ewe ndugu, uadilifu ulioje! Khiyari ya kukubali kilicho duni imewekwa mkononi mwa mnunuzi, si mkononi mwa muuzaji. Sharti la yule kontrakta limeipindua hukumu hii juu chini.

Wala mtu asiseme kuwa tofauti ni ndogo. Katika mabati, kila namba ya geji ikizidi, bati huwa jembamba. Basi anayekupa geji 32 badala ya 28 amekutajia namba kubwa akakupa kitu kidogo. Na katika nondo, ya milimita 10 badala ya 12, wengi husema ni milimita mbili tu. Lakini chuma hupimwa kwa upana wake wote: 12 mara 12 ni 144, na 10 mara 10 ni 100. Karibu thuluthi ya chuma imeondoka, na nguzo ile ile yatakiwa ichukue uzito ule ule. Mlango dhaifu ni hasara ya mali. Nguzo dhaifu ni hatari ya roho za watu.

Hata hivyo hatusemi kwamba kubadilisha vifaa ni haramu kabisa. Huenda kifaa kikaadimika bila ya kosa la mjenzi. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mbao zikawa haba na bei ikapanda. Aliyekwisha kuahidi mbao kabla ya hapo hakuwa na hila. Kwa dharura kama hizi sharti la kubadilisha lina faida, lakini liwe na mipaka minne. Kwanza, litaje ni vifaa gani viwezavyo kubadilishwa, na ni kwa sababu gani. Pili, kisibadilishwe kitu ila mwenye nyumba ameelezwa mbele na kukubali kwa maandishi. Tatu, badali iwe sawa au bora kwa nguvu na kudumu, na mwenye kuamua usawa huo awe mjuzi asiye wa upande wo wote. Nne, badali ikiwa rahisi, tofauti ya bei irudi kwa mwenye nyumba.

Ama jawabu ya ndugu yetu, tuonavyo sisi ni hivi. Waislamu hufungwa na masharti yao, ila sharti lihalalishalo haramu. Sharti lililoachwa wazi namna hii halimhalalishii kontrakta kula tofauti ya bei ya mvule na mbao nyepesi. Kinachoweza kung'olewa, kama milango na mabati, aking'oe alete kilichopatanwa, au wasikizane kwa ridhaa juu ya upungufu wa thamani. Na kwa nguzo, amwite mhandisi azipime kabla ya watoto wake kulala chini yake.

Lakini yatupasa tuseme kweli. Jawabu hii ni ya Dini na dhamiri. Kwa Katiba ya mwaka 2010, mahakama ya Kadhi husikiza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Kesi ya ujenzi haimo. Itakwenda kwa hakimu wa Serikali, naye ataanza kwa kuisoma karatasi iliyotiwa sahihi. Kwa hivyo pa kujilinda ni kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza usichokijua, mpe anayekijua akusomee mpaka neno la mwisho. Muulize kontrakta cheti chake, kwani sheria ya mwaka 2011 yamlazimu kuandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Wala usilipe fungu la pili mpaka umelikagua la kwanza.

Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Muslim, alipita penye chungu ya chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akasema kuwa ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke juu watu wakakiona, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Saruji nayo ni chungu ile. Ikishamwagwa, mkono hauingii tena. Ndugu yetu milango ameiona. Nguzo hakuziona, na mpaka leo hajui ndani yake mna nini. Basi nanyi mnaojenga, tieni mikono yenu mapema. Nanyi mnaojengea watu, jueni kuwa kilichofunikwa kwa saruji hakikufunikwa mbele ya Mwenyezi Mungu.