Utando wa Bakteria: Kutoka Kiweleni hadi Kidondani

Dumu la maziwa lililosuuzwa kwa maji matupu huonekana safi, lakini ukipitisha kidole ndani yake utahisi utelezi. Mara nyingi utelezi huo ni makazi ya bakteria. Wataalamu huyaita bayofilamu. Hapa tutayaita utando wa bakteria.

Utando huanza pale bakteria wachache wanaponata juu ya kitu chenye unyevu, wakazaliana na kujifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe. Dawa hupenya ute huo kwa shida. Aidha, bakteria walio chini hupata chakula na oksijeni kidogo, hivyo hukua polepole, ilhali antibayotiki nyingi huwaua zaidi wale wanaokua. Ndiyo maana baadhi yao huweza kuhimili dawa hadi mara 1000 ya kiwango kinachowaua bakteria wanaoelea peke yao. Ukoga wa meno ni utando wa aina hiyo.

Katika Mkoa wa Tanga, ambako wafugaji wadogo wa Muheza, Korogwe na kwingineko hupeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia, jambo hili lina uzito wa pekee. Staphylococcus aureus, mmoja wa bakteria wanaosababisha ugonjwa wa kiwele, huweza kujenga utando ndani ya kiwele. Ng'ombe hutibiwa, akaonekana amepona, kisha ugonjwa ukarejea. Kwa binadamu, bakteria huyohuyo hujenga utando katika vidonda sugu na juu ya vyuma vya kuungia mifupa. Tena, akizaliana katika maziwa yasiyopozwa, baadhi ya aina zake hutoa sumu isiyoharibiwa kwa kuchemsha.

Basi yazingatiwe haya. Mfugaji asugue vyombo kwa maji ya moto, sabuni na brashi kabla ya kutumia dawa ya kuua vijidudu, kisha avikaushe juani. Dumu lenye mikwaruzo lisitumike. Ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho, na maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa hadi muda aliouelekeza daktari wa mifugo upite. Muuguzi akisafishe kidonda vizuri kabla ya kukifunga, na mpira wa mkojo uondolewe mara usipohitajika tena. Mgonjwa ambaye kidonda chake hakiponi asijiongezee dozi. Arudi kituoni, kwani huenda kinachohitajika kwanza ni kuuondoa utando.