Kijana wa koperative anajifunza kutengeneza pompi: andikeni mapatano kwanza

Ndugu wakulima wa Annexe, munajua vizuri: kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hakuna, na lengalenga, shu na tomati vinaishi kwa pompi. Ikisimama siku ine katika joto la mwezi wa tisa, matuta yanakauka. Fundi wa mjini naye anaomba pesa ya transpori mbele ya kuangalia kitu. Njo maana koperative zingine zinatuma kijana wao ajifunze kazi. Wazo ni zuri. Shida iko katika namna ya kumutuma.

Mara nyingi inaenda hivi: wazazi wanalipa, mutoto anafagia atelye, anabeba betri, anatumwa kununua mikate, na mwaka unaisha hajafungua karburata hata moja. Mwenye atelye si mutu mubaya kila mara. Hakuna aliyemuambia kijana anapashwa kutoka na ujuzi gani.

Basi iandikwe. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mapatano ya kujifunza kazi yawe kwenye karatasi. Wekeni muda, pesa, nani atalipa matunzo kijana akiumia, na zaidi ya yote kazi ambazo mikono yake yenyewe itafanya. Mwenye atelye akikataa kusaini, tafuteni mwingine, ao mupite kuuliza INPP, ile shirika ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964.

Kwa pompi ya esanse, mimi ningeandika: kubadilisha mafuta ya motere, kupima buji, kusafisha karburata. Lakini kubwa ni upande wa kuvuta maji. Pompi nyingi zinazosemwa zimekufa hazijakufa: tuyo la kuvuta linaingiza hewa, klape ya chini imeshika muchanga, ao pompi imewekwa juu sana. Lubumbashi iko karibu metre 1200 juu ya bahari, na hapa hewa inasukuma maji kwa nguvu kidogo kuliko kule Matadi. Kama kitabu cha pompi kinasema inavuta metre 7, musiiweke zaidi ya metre 5 na nusu juu ya maji. Kijana anayejua hayo anaokoa pesa yenu bila kugusa motere.

Musilipe yote mara moja. Mbele ya kutoa sehemu ya mwisho, pelekeni pompi yenu mbovu ku atelye; kijana, ao binti, aifungue mwenyewe, fundi mukubwa asimame pembeni.

Patanisheni pia naye: atatumikia koperative misimu mingapi, mutamulipa ngapi kwa kila pompi, nani atamununulia funguo. Bila hiyo ataenda kutafuta kazi ku kampuni za migodi, na hatakuwa na kosa.

Kwa pompi ndogo peke yake miezi sita inaweza kutosha. Mumutume mwezi wa kumi na moja, wakati mvua imeanza na pompi zinapumzika. Mwezi wa tano awe amerudi.