DDT na Vijimea vya Bahari

Mtu achotaye ndoo ya maji ya bahari na kuyatazama kwa macho matupu huona maji tu. Tone la maji hayo likiwekwa chini ya hadubini, huonekana mimea ya seli moja moja: daiatomu zenye ganda la silika mithili ya kioo, na nyinginezo zenye vijimkia vya kuogelea. Mimea hiyo, ambayo hapa tutaiita vijimea, hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na karibu nusu ya usanisinuru wote duniani hufanyika baharini. Dagaa, kamba na hata papa, wote hatimaye huishi kwa chakula hicho.

Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Charles Wurster, alichapisha matokeo yaliyowashtua wengi. Alivitia vijimea vya aina kadhaa katika maji yenye DDT, kisha akavipa kaboni 14, ambayo hutoa mionzi na hivyo hupimika kwa urahisi. Mikrogramu chache tu za DDT katika lita moja zilitosha kupunguza usanisinuru. Mikrogramu 1 katika lita ni sawa na gramu 1 iliyotawanywa katika lita 1,000,000.

Yawezekanaje kiasi kidogo hivyo kidhuru? DDT haipatani na maji, bali hupatana na mafuta. Kwa hiyo huyakimbia maji na kuingia katika utando wa seli, na katika matone ya mafuta ambayo daiatomu hujiwekea akiba. Ndiyo maana idadi ya seli nayo ni muhimu: penye seli nyingi sumu ile ile hugawanyika, na penye seli chache kila moja hubeba mzigo mkubwa.

Baadhi ya waandishi wa wakati ule walitabiri kwamba binadamu angekosa oksijeni. Hofu hiyo, kwa maoni yangu, ilipotosha. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, akiba kubwa mno. Tena vipimo vya jaribio vilizidi vile vya bahari kuu. Hatari yenyewe ilidhihirika mwaka 1972. Wurster, pamoja na Mosser na Fisher, waliotesha daiatomu iitwayo Thalassiosira pseudonana na kijimea cha kijani, Dunaliella tertiolecta, katika maji yale yale. Pasipo sumu, daiatomu ilitawala. Ilipotiwa DDT, au PCB iliyotumika katika mafuta ya transfoma, utawala wake ulipungua, hata kwa kiasi ambacho hakikuonekana kuidhuru ilipooteshwa peke yake. Mgonjwa alionekana mzima mpaka aliposhindanishwa na jirani.

Kwa mvuvi jambo hili si dogo, kwani wadudu wa bahari waliwao na samaki hawali kila kijimea kwa usawa. Vijimea vikibadilika, walaji nao huweza kubadilika.

Mkataba wa Stockholm, ulioanza kutumika mwaka 2004, huruhusu DDT kwa kupambana na wadudu waenezao maradhi tu, nayo hupulizwa kwenye kuta ndani ya nyumba. Lakini ile iliyokwisha kumwagwa mashambani hushikamana na chembe za udongo kwa miaka mingi, na mvua za masika huzisukuma chembe hizo mitoni, hadi kwenye mikoko.