Kiduha, Mwivi wa Mashamba

Mwezi huu twataka kujifunza habari za kiduha. Mmea huu mdogo hupatikana katika nchi zizungukazo Ziwa Viktoria, ndani ya mashamba ya mahindi, mtama na ulezi. Maua yake ni ya rangi ya waridi, yenye midomo miwili, wa juu na wa chini, kama ua la bustani liitwalo antirinamu. Zamani wataalamu waliyahesabu yote mawili kuwa jamaa moja. Siku hizi wameyatenga.

Kiduha hupenda ardhi iliyochoka. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja waweza kuzaa maelfu mengi. Mbegu hizo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Mzizi wa mahindi ukipita karibu, hutoa kitu kiziamshacho. Ndipo kiduha huota, huushika mzizi ule na kuunyonya. Hayo hutendeka majuma kadhaa kabla hakijaonekana juu ya ardhi.

Kwa hiyo mkulima huona mahindi yamedumaa na kunyauka, hali mvua imenyesha na shamba la pili limestawi. Waingereza waliuita mmea huu gugu la mchawi. Lakini tusimshuku jirani. Mwivi yumo udongoni, naye ana mizizi.

Basi tufanyeje? Kwanza, tung'oe kila kiduha kabla hakijatoa mbegu. Mahindi ya mwaka huu yamekwisha kudhurika, ila twaokoa shamba la miaka ijayo. Kilichokwisha kuzaa tukichome moto. Pili, tutie samadi. Tatu, tubadili mazao: karanga na pamba huziamsha mbegu za kiduha, lakini hakiwezi kuzinyonya, nacho hufa. Nne, huko Mbita, Kenya, tangu miaka ya 1990 wataalamu wameonyesha kwamba malisho yaitwayo desmodiamu, yakipandwa kati ya mistari ya mahindi, hukizuia kiduha, na ng'ombe hupata chakula.

Tena kazi hii si ya mtu mmoja. Mbegu husafiri kwa upepo, kwa maji ya mvua, na kwa udongo ulioshika majembe. Ukisafisha shamba lako naye jirani akaacha lake, zitarudi. Yule uliyetaka kumshuku ndiye unayemhitaji: mwiteni, mng'oe pamoja.