Vuli hii, anza kupanga shamba kutoka ukingoni

Mvua za vuli zinakaribia, na hapa Kiruruma wengi wameshatenga mbegu za maharage na mahindi. Kabla hujashika jembe, ndugu mkulima, zunguka shamba lako uone linapakana na nini. Tangu mwaka 2019 Ibanda na Rumanyika si mapori ya akiba tena. Ni hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na wanyama waliomo hawajui mpaka wa kitongoji.

Nianze na nyani, maana huyu tunamdharau. Hufika asubuhi, umande haujakauka. Mmoja hupanda juu ya kichuguu kuangalia, wenzake wanafukua mbegu shimo kwa shimo wakifuata mstari ulioupanda jana. Mahindi yakifikia hatua ya maziwa wanarudi, na huvunja mengi kuliko wanayokula. Kwa hiyo mahindi yasikae ukingoni. Yasogeze karibu na nyumba, na pembeni weka pilipili au tangawizi. Fyeka kichaka kilichogusana na shamba ili nyani alazimike kupita mahali peupe, maana hapendi kuonekana.

Lakini kinga kubwa kuliko zote ni kupanda kwa wakati mmoja na majirani. Shamba linalokomaa peke yake hubeba kundi zima. Mashamba ya kitongoji yakikomaa pamoja, ulinzi unagawanyika, na hasara pia. Zamu ziwe za watu wazima. Mtoto anayeshinda shambani Septemba na Oktoba akifukuza nyani anakosa masomo, na hakuna gunia la mahindi litakalomfidia.

Kwa nguruwe pori wa usiku, ua mnene wa miiba unaokaguliwa kila siku unasaidia. Sumu usitege kabisa. Inaua mbwa wa jirani na tai, na mtu akiokota mzoga, inaingia kwenye sufuria.

Kwa tembo, wakulima wengi Afrika Mashariki hutumia kamba ya katani na vitambaa vilivyopakwa pilipili ya unga iliyochanganywa na oili chafu, vikazungushwa shambani kwa nguzo. Mvua kubwa ikinyesha, paka upya. Kule Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, wametundika mizinga ya nyuki kila baada ya mita 10 na kuiunganisha kwa waya: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Mimi naona mizinga inatufaa zaidi sisi. Kahawa yetu ya robusta haizai vizuri bila chavua ya mti mwingine, na nyuki ni miongoni mwa wabebaji. Mzinga mmoja unalinda, unakupa asali na unaongeza kahawa. Ila mzinga wenye nyuki ndio unaomtisha tembo zaidi, hivyo uanze kuutunza sasa. Na tembo akishaingia, usimfuate gizani. Piga kelele ukiwa mbali, uwaite askari wa hifadhi.

Msitegemee sana kifuta jasho cha serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama. Kanuni za mwaka 2011 zilihesabu ekari zisizozidi 5 na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Aliyelima ndani ya mita 500 hakupata kitu. Tena zilihusu wanyama wa hatari kama tembo, kiboko na nyati. Nyani, ngedere na nguruwe pori hawakuwamo, ingawa ndio wanaotumalizia chakula. Tembo akiharibu, toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na usifyeke mabaki mpaka afisa aje apime.

Itisheni kikao cha kitongoji kabla ya mvua ya kwanza, mmualike na bwana shamba, mkubaliane siku ya kupanda na majina ya watakaolinda kila wiki.